Nicolás Guillén na Muziki wa Son: Burudani ya Umma Katika Kazi za Mshairi wa Kuba

Katika mafunzo ya siasa swali moja hujitokeza kila mara, na kila mara hujibiwa kwa haraka mno: je, burudani ya mitaani ina nafasi gani katika ujenzi wa fikra za umma? Wako wasemao kuwa muziki wa dansi, ngumi na vichekesho vya jukwaani ni kasumba tupu, vitu vilivyoletwa kumpumbaza mfanyakazi ili asahau udogo wa mshahara wake. Wako na wengine wasemao kuwa kila kinachopendwa na watu wengi ni mali ya umma, na kwa hiyo ni kizuri. Sisi tunaona kuwa majibu yote mawili ni ya uvivu. La kwanza linawadharau wananchi. La pili linawasahau mabepari. Badala ya kubishana hewani, ni afadhali kuuchambua mfano mmoja wa historia kwa makini. Mfano tuliouchagua ni wa Nicolás Guillén, mshairi wa Kuba aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1989, ambaye ushairi wake ulizaliwa, kwa maana halisi ya neno hilo, katika ukumbi wa dansi.

Kuba ya Wenye Sukari

Hatuwezi kumwelewa mshairi huyu bila kuielewa kwanza jamii iliyomlea. Watumwa wa Kuba waliachwa huru mwaka 1886 tu. Miaka 9 baadaye ilianza vita ya mwisho ya ukombozi dhidi ya Hispania, na wengi wa wapiganaji wa vita hiyo walikuwa watu weusi. Lakini mwaka 1898 Marekani iliingia vitani dakika za mwisho, ikakikalia kisiwa, na ilipoondoka tarehe 20 Mei 1902 iliacha katika katiba ya nchi kifungu kilichojulikana kama Hati ya Platt, kilichoipa haki ya kuingilia kati wakati wowote ipendapo. Ilifanya hivyo mara kadhaa kabla ya kifungu hicho kufutwa mwaka 1934. Bendera ilikuwa ya Wakuba. Viwanda vikubwa vya sukari, reli na simu vilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa makampuni ya kigeni.

Mtu mweusi aliyeipigania jamhuri hiyo alijikuta amesimama mlangoni. Mwaka 1908 baadhi ya wapiganaji wa zamani, wakiongozwa na Evaristo Estenoz, waliunda chama chao ili kudai haki zilizoahidiwa. Chama kikapigwa marufuku. Walipoinuka mwaka 1912, jeshi la serikali liliwaua maelfu ya watu weusi, hasa katika mkoa wa mashariki uitwao Oriente. Mauaji hayo yalifundisha somo la kutisha: mtu mweusi wa Kuba hatakiwi kusema kwa jina lake mwenyewe katika siasa. Basi akawa anasema mahali pengine. Jambo hili ndilo ufunguo wa mengi yatakayofuata.

Guillén alizaliwa katika mji wa Camagüey, wiki chache tu baada ya jamhuri yenyewe. Baba yake alikuwa mwandishi wa magazeti na seneta wa chama cha Liberali. Mwaka 1917 aliuawa na askari wakati serikali ilipokandamiza uasi wa chama hicho. Kijana akaingia katika kiwanda cha kupiga chapa, akipanga herufi za risasi kwa mkono. Alijaribu kusoma sheria Havana akaacha. Mwaka 1922 alikuwa na mswada mzima wa mashairi, na mashairi yale yalikuwa ya mtindo uliopendwa na wasomi wa wakati huo: mabata maji, bustani, huzuni za kifalme. Hayakuchapwa kama kitabu wakati ule, na kwa maoni yetu haikuwa hasara kubwa. Mtoto wa seneta aliyeuawa alikuwa akiandika kana kwamba anaishi katika jumba la Ulaya.

Son Ni Nini?

Son ni muziki wa Oriente, ule ule mkoa wa mauaji ya 1912. Ulikua vijijini na katika vitongoji vya mashariki mwishoni mwa karne ya 19, kutokana na ndoa ya gitaa la Kihispania na ngoma ya Kiafrika. Vyombo vyake ni vya watu wasio na fedha: gitaa, tres, yaani gitaa dogo lenye jozi tatu za nyuzi, manyanga, vijiti viwili vya mbao ngumu vinavyogonganishwa ili kuushika mdundo, na bongó, ngoma ndogo mbili zilizounganishwa. Kwa sauti nzito walitumia mtungi uliopulizwa mdomoni, au sanduku la mbao lenye vipande vya chuma vinavyokwanyuliwa kwa vidole, liitwalo marímbula. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulitambua jina hilo. Ni marimba, iliyovuka bahari katika matumbo ya merikebu za watumwa na kubadilishwa umbo na watu walioikumbuka bila kuwa nayo mikononi.

Zaidi ya vyombo, yatupasa kuutazama muundo wa wimbo wenyewe, kwa sababu hoja yetu yote imesimama hapo. Wimbo wa son una sehemu mbili. Kwanza mwimbaji husimulia kisa, kwa beti zenye mpangilio. Kisha unafika mahali ambapo kisa kinakoma na kundi linaingia na kiitikio kifupi, kinachorudiwa tena na tena, huku kiongozi akichomekea maneno yake mapya juu ya kiitikio hicho, mengine ya kubuni papo hapo. Sehemu hii ya pili huitwa montuno. Ndipo wachezaji wanapochachamaa. Mtu mmoja ameleta habari. Wengi wameipokea, wameigeuza kuwa yao, na hawaiachi hadi jasho liwatoke.

Muziki huu uliingia Havana katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na askari waliohamishwa kutoka mashariki walikuwa miongoni mwa walioubeba. Mjini ulikaa katika nyumba za kupanga zilizojaa watu, zenye ua mmoja katikati. Wakubwa waliudharau. Ngoma zenye sura ya Kiafrika zilipigwa marufuku mara kwa mara na wakuu wa miji, na polisi walizinyang'anya bongó. Halafu zikaja mashine. Kundi la Sexteto Habanero liliundwa mwaka 1920 na kabla ya miaka kumi kupita lilikuwa limekwisha kurekodi santuri nyingi kwa kampuni ya Victor ya Marekani. Tarehe 10 Oktoba 1922 ilianza kutangaza redio iitwayo PWX, mali ya kampuni ya simu iliyokuwa chini ya mabepari wa Marekani. Mwaka 1925 liliundwa Trío Matamoros mjini Santiago, na mwaka 1927 Ignacio Piñeiro akaunda kundi lake la Sexteto Nacional. Ghafla ule muziki uliokuwa ukifukuzwa na polisi ulisikika katika sebule za wenye mali. Tunaomba msomaji azingatie ukinzani huu: bepari yule yule aliyemwogopa mpiga bongó mtaani alimlipa studioni, akauza sauti yake, na faida ikasafiri kwenda kaskazini.

Jukwaa la Masizi

Kulikuwa na burudani nyingine Havana ambayo haina budi kutajwa, maana bila hiyo hatuwezi kupima ujasiri wa Guillén. Katika ukumbi wa Alhambra, ulioruhusu wanaume peke yao, ilichezwa michezo mifupi ya kuchekesha yenye wahusika walewale kila usiku: Mhispania mjinga, mwanamke chotara wa kutamanisha, na "negrito", yaani kijana mweusi mjanja, mvivu, mwenye maneno mengi. Negrito huyo aliigizwa na mtu mweupe aliyejipaka masizi usoni. Aliongea Kihispania cha mitaani, akikata herufi za mwisho na kuvuruga matamshi, na watazamaji walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Hapa ndipo lugha ya umma ilipokuwa imetekwa. Lugha hiyo ilisemwa na maelfu ya wachukuzi, wapishi, madobi na wakata miwa, lakini mahali pekee iliposikika hadharani ilikuwa katika kinywa cha mtu aliyelipwa kuwadhihaki. Si ajabu basi kwamba weusi wenye nafasi kidogo, waliokuwa na vilabu vyao kama Club Atenas kilichoanzishwa mwaka 1917, walijitahidi kwa kila njia kujitenga na ngoma na lafudhi ile. Tusiwacheke. Walikuwa wanajua kilichotokea mwaka 1912, na suti iliyonyooshwa vizuri ilikuwa kwao aina ya ngao.

Kutoka Ulingoni Hadi Kwenye Montuno

Guillén alirudi Havana mwaka 1926 na kufanya kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya serikali. Kuanzia mwaka 1928 aliandika katika ukurasa wa Jumapili ulioitwa "Ideales de una Raza", uliosimamiwa na msanifu majengo mweusi Gustavo Urrutia. Ukurasa huo ulichapwa ndani ya Diario de la Marina, gazeti la wahafidhina. Hilo nalo ni jambo la kufikiria: sauti ilipata nafasi katika nyumba ya adui kwa sababu adui alidhani kuwa ukurasa mmoja wa Jumapili hauwezi kuangusha nyumba.

Burudani ya kwanza iliyomtikisa haikuwa muziki bali ngumi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kijana kutoka mtaa wa El Cerro mjini Havana, Eligio Sardiñas, aliyejulikana duniani kwa jina la Kid Chocolate, alikuwa akiwashinda mabondia wa New York mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1931 akawa bingwa wa dunia wa uzito wake. Alikuwa ameanza maisha kwa kuuza magazeti barabarani. Kuba nzima ilimshangilia. Guillén naye alimshangilia, lakini katika shairi alilomtungia alitazama pia upande wa pili wa kamba. Alimwona kijana mweusi anayejifunza Kiingereza cha ulingoni tu, akitoa damu yake mbele ya jiji linaloishi kwa kutazama damu ya wengine. Wakati huohuo alimwambia asimame na aoneshe weusi wake bila haya. Shairi hili bado ni la mtu anayetazama jukwaa akiwa kitini. Mshairi anamhubiria bondia, bondia hajibu.

Mwezi Februari 1930 alifika Havana Langston Hughes, mshairi mweusi wa Marekani, ambaye tangu kitabu chake cha mwaka 1926, The Weary Blues, alikuwa amekwisha kuonesha kuwa mashairi yanaweza kujengwa juu ya nyimbo za blues za watu wake. Guillén alimhoji kwa ajili ya gazeti na kuzunguka naye. Wahakiki wamebishana sana kama Hughes ndiye aliyemfungua macho. Sisi tunaona ubishi huo umekuzwa kupita kiasi. Hughes hakumletea Guillén son. Son ilikuwa inapigwa kila ua wa Havana. Alichoweza kumletea ni ushahidi kwamba jambo hilo linawezekana, kwamba mtu anaweza kuingia na wimbo wa mitaani katika fasihi bila kuomba radhi.

Tarehe 20 Aprili 1930, katika ukurasa ule ule wa Jumapili, yalitoka mashairi 8 mafupi yenye kichwa Motivos de son. Guillén alieleza baadaye kwamba mdundo wa shairi la kwanza ulimjia usiku akiwa kati ya usingizi na kuamka, na kwamba nyimbo za Sexteto Habanero na Trío Matamoros zilikuwa masikioni mwake. Katika mashairi hayo mshairi amejitoa. Wanaosema ni watu wa nyumba za kupanga. Mwanamke anamwambia mumewe aende akatafute fedha kwa sababu hawezi kuendelea kuishi kwa mlo wa shida. Mwanamume anataka pasi ya umeme iwekwe rehani ili aikomboe suti yake. Kijana aliyejigamba kuwa anajua Kiingereza anakimbia Mmarekani wa kike anapomtaka, maana Kiingereza chake chote kilikuwa cha besiboli. Mwingine anakasirika kwa kuitwa ana midomo minene, na sauti ya mitaani inamuuliza kwa nini akasirike kwa kitu alicho nacho.

Lugha ni ile ile ya negrito wa Alhambra, na hilo liliwachoma wengi. Baadhi ya wasomaji weusi waliosoma waliona wameaibishwa kwenye gazeti, tena katika ukurasa wao. Lakini mbinu ni tofauti kabisa. Katika Alhambra mtu mweupe alimwigiza mweusi mbele ya weupe. Katika Motivos de son watu weusi wanasemezana wao kwa wao, kuhusu kodi, njaa, wivu na rangi, na msomaji anawasikia kama jirani anayesikia kupitia ukuta mwembamba. Kicheko kipo, ila kimebadilishwa mwelekeo. Na kila shairi linaishia kwenye kiitikio, yaani kwenye montuno. Malalamiko ya mtu mmoja yanapofika hapo yanakuwa na sauti ya kundi. Mwanamke yule aliyekosa fedha hajaongeza hoja yoyote mwishoni. Anachofanya ni kurudia, na kurudia kwake kunatufanya tusikie wanawake wengi nyuma yake. Hapo ndipo siasa ilipoingia katika mashairi haya, bila neno "siasa" kutajwa hata mara moja. Makada wanaopenda kutunga beti za kaulimbiu wangefaidika kwa kuyasoma polepole.

Yatupasa pia kusema kasoro. Nyimbo za son za wakati ule zilimtazama mwanamke, hasa mwanamke chotara, kama kiuno na hila tu, na Guillén aliyapokea mengi ya hayo kama yalivyo. Katika Motivos na katika kitabu kilichofuata, Sóngoro cosongo cha mwaka 1931, yapo mashairi ambamo mwanamke ni umbo la kutazamwa. Aliuvunja ukuta wa masizi uliomhusu mwanamume mweusi. Ule uliomhusu mwanamke aliuacha umesimama. Burudani ya umma hubeba pia uchafu wa jamii iliyoizaa, na mshairi akiichota kwa ndoo hana budi kuichuja.

Ni Nani Mwenye Ngoma?

Mwezi uliofuata kuchapwa kwa Motivos de son, bendi ya Don Azpiazú ilirekodi New York wimbo wa Moisés Simons, "El manisero", unaohusu muuza karanga. Mwimbaji alikuwa Antonio Machín. Santuri hiyo ilivuma Marekani nzima mwaka 1931 na kuanzisha wazimu wa kile kilichoitwa "rumba" katika hoteli na filamu. Kampuni ya Uingereza ya HMV ilipoanzisha mwaka 1933 mfululizo wa santuri za GV kwa ajili ya soko la Afrika, namba ya kwanza ilikuwa na wimbo huo huo. Santuri za GV zilienea Afrika Magharibi na Kongo, na hata katika miji yetu zilipigwa kwenye gramafoni. Kutoka kwenye muziki wa Kuba wa santuri ndiko Salum Abdallah wa Morogoro alikochota mahadhi na hata jina la bendi yake ya Cuban Marimba, iliyokuwa miongoni mwa bendi kubwa za Tanganyika hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Alichotia yeye ni Kiswahili. Hivyo marimba ilirudi bara iliyotoka, ikiwa imepitia studio za mabepari wa New York na London, na watu wa Morogoro wakaifanya yao tena. Mashairi ya Guillén hayakuwamo katika shehena hiyo. Kampuni iliuza mdundo; kilio cha mwenye nyumba ya kupanga hakikuwa na soko.

Hali hiyo hiyo ilikuwa ikimkabili Guillén nyumbani. Tangu mwaka 1920 pombe ilipigwa marufuku Marekani, na Wamarekani walifurika Havana kunywa, kucheza kamari na kutazama. Muziki wa son ulihamishiwa katika vilabu vya usiku, ukapambwa kwa mikono yenye marinda, ukawa sehemu ya bidhaa iliyouzwa pamoja na ramu. Baada ya mwaka 1929 bei ya sukari ilianguka, wakata miwa wakakosa kazi, na utawala wa Gerardo Machado ulizidi kumwaga damu hadi ulipoangushwa Agosti 1933. Kulikuwa na njia mbili kwa mshairi. Angeweza kusema kuwa son imekwisha najisiwa na kuiacha. Au angeweza kuigombea.

Aliigombea. Kitabu chake cha mwaka 1934 kinaitwa West Indies, Ltd., na kichwa chenyewe, kwa Kiingereza, kinavitaja visiwa hivyo kama kampuni yenye hisa. Shairi refu lenye jina hilo limeandikwa kwa kejeli kali juu ya bandari, watalii, wanasiasa na sukari. Lakini mara kadhaa hotuba inasimama, na bendi ndogo ya mtaani inayoitwa ya Juan Kinyozi inaingia kupiga son kuhusu wasio na kazi na wasio na chakula. Msomi anachambua, kinyozi na wenzake wanaitikia. Tunauona muundo ule ule wa son, kiongozi na kundi, umepanuliwa mpaka ukatosha kulibeba swali zima la ubeberu. Katika kitabu hicho limo pia "Sensemayá", wimbo wa kumwua nyoka, uliotokana na michezo ya Waafrika waliopita barabarani tarehe 6 Januari wakati wa utumwa, wakibeba nyoka wa bandia na kumwua mbele ya watu. Wengi wamemwona nyoka huyo kuwa ni ubeberu wenyewe. Inawezekana. Tunapenda zaidi kuona kwamba mchezo ulioruhusiwa na mabwana siku moja tu kwa mwaka ulikuwa tayari na mafunzo ya namna ya kuua, na mshairi hakuhitaji kuuongezea ila kidogo. Mwanamuziki wa Meksiko, Silvestre Revueltas, aliutungia muziki wa okestra mwaka 1938.

Hatua ya mbali zaidi ilikuja mwaka 1937 katika kitabu Cantos para soldados y sones para turistas kilichochapwa Meksiko. Humo yumo mtu aitwaye José Ramón Cantaliso. Kazi yake ni kuimba mbele ya watalii. Anaimba vizuri, kwa son halali kabisa, ila maneno ya nyimbo zake ni kuhusu kifua kikuu, vyumba visivyo na hewa na watu wanaolala na njaa mitaa michache kutoka baa ile. Watalii wamelipia kiburudisho, naye anawapa hesabu. Anawachukua hata kutembelea nyumba ya kupanga, kana kwamba ni kivutio kimojawapo cha mji. Negrito wa Alhambra alivaa masizi ili bwana acheke. Cantaliso amevaa nguo zile zile za mtumbuizaji, amesimama katika baa ile ile, akilipwa fedha ile ile, na bwana hawezi kucheka. Mwaka huo huo Guillén alikwenda Hispania kwenye mkutano wa waandishi wa kupinga ufashisti, akajiunga na Chama cha Kikomunisti. Tunasisitiza mpangilio wa matukio haya: ushairi wake ulifika kwenye mapambano ya tabaka kupitia son kabla yeye mwenyewe hajachukua kadi ya chama.

Wanamuziki nao waliyarudisha mashairi haya kulikotoka. Amadeo Roldán na Alejandro García Caturla waliyatungia muziki wa kumbi kubwa. Akina Grenet waliyafanya nyimbo, na Bola de Nieve akaziimba kwenye piano mbele ya watu wa nchi nyingi. Kundi la Quilapayún la Chile liliimba shairi lake kuhusu ukuta unaojengwa kwa mikono ya weusi na weupe, likaendelea kuliimba uhamishoni baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1973.

Mlango wa Ukumbi

Guillén alikaa uhamishoni kuanzia mwaka 1953, akarudi Kuba baada ya ushindi wa mapinduzi mwaka 1959. Mwaka 1961 akawa mwenyekiti wa chama cha waandishi na wasanii, UNEAC. Mwaka 1964 alitoa kitabu Tengo. Katika shairi lenye jina hilo mtu mweusi wa kawaida anahesabu alivyo navyo sasa: nchi, shamba, kusoma, kazi, bahari isiyofungwa kwa uzio. Na katika hesabu hiyo hiyo, bila aibu, anataja kwamba hakuna awezaye kumzuia mlangoni mwa ukumbi wa dansi kwa sababu ya rangi yake. Wasomaji wengine huuona mstari huo kuwa mwepesi mno kuwekwa karibu na ardhi na elimu. Sisi hatuuoni hivyo. Watu waliobuni muziki wa nchi nzima walikuwa wamezuiwa kuingia mahali ulipopigwa.

Lakini historia haikuishia hapo. Mwezi Machi 1968 serikali ya Kuba ilitaifisha biashara ndogo ndogo zilizokuwa zimesalia, zaidi ya 50,000, na katika wimbi hilo baa na vilabu vingi vya usiku vikafungwa kwa jina la nidhamu ya kazi. Wanamuziki wa son waliotegemea vilabu hivyo walibaki bila majukwaa. Sukari ilihitaji mikono, hilo tunalielewa. Hata hivyo ni vigumu kutouona ule uvivu wa kwanza tulioutaja, wa kuidhania burudani kuwa ni upotevu wa wakati, ukirudi safari hii ndani ya mapinduzi yenyewe, miaka 4 tu baada ya mshairi wa taifa kuuhesabu mlango wa ukumbi kuwa ni mmoja wa matunda yake.

Baada ya kuanguka kwa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1991 Kuba ilibanwa na uhaba mkubwa, na utalii ukarudi kuwa tegemeo. Mwaka 1996 wazee wa son, baadhi yao wakiwa wamekwisha kusahaulika, walikusanywa katika studio moja ya Havana na kurekodi santuri iliyotolewa mwaka uliofuata na kampuni ya London kwa jina la Buena Vista Social Club. Iliuzwa kwa mamilioni. Miongoni mwao alikuwamo Compay Segundo, aliyezaliwa mwaka 1907 na aliyewahi kupiga muziki pamoja na Miguel Matamoros, yule yule ambaye Guillén alimsikia akiwa kijana. Muziki ni mzuri sana, na wazee wale walistahili kila senti waliyoipata. Nyimbo zilizomo ni za mapenzi, za mashamba, za mitaa ya zamani. Wimbo wa José Ramón Cantaliso haumo.